Mkuu Mmoja, Kampasi Tatu: Tshibangu Tshishiku na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire

Makala haya yanachunguza nafasi ya mkuu wa chuo kikuu anayesimama kati ya Kanisa, dola na wanachuo. Suala hili ni la kale. Katika Chuo cha Merton, kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1264, wanachuo wenyewe walikuwa na sehemu katika kumchagua mkuu wao. Nchini Kongo mambo yalikwenda vingine.

Tharcisse Tshibangu Tshishiku alizaliwa Kipushi, Katanga, mwaka 1933, akapewa upadre mwaka 1959. Mwaka 1960, angali mwanafunzi wa Lovanium, alijadiliana hadharani na mwalimu wake, Alfred Vanneste, akitetea uwezekano wa teolojia yenye sura ya Kiafrika. Baadaye alikuwa miongoni mwa wataalamu wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Mwaka 1967 akawa Mwafrika wa kwanza kuiongoza Lovanium, akimrithi Luc Gillon.

Uongozi wake ulijaribiwa mapema. Tarehe 4 Juni 1969 wanajeshi waliwaua wanafunzi waliokuwa wakiandamana Kinshasa. Wenzao walipowakumbuka Juni 1971, serikali ilikifunga chuo na kuwaingiza wanafunzi jeshini. Agosti mwaka huohuo vyuo vikuu vitatu vya nchi viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, naye Tshibangu, aliyekuwa askofu msaidizi tangu 1970, akateuliwa kukiongoza.

Kampasi ya Kisangani ilitokana na Chuo Kikuu Huru cha Kongo, kilichoanzishwa na Waprotestanti mwaka 1963, na ambacho machafuko ya 1964 yalikilazimu kuhamia Léopoldville kwa muda. Katika mgawanyo mpya Kisangani ilipewa elimu na saikolojia. Fasihi ikakusanywa Lubumbashi. Hivyo mji ulio umbali wa takriban kilometa 1,700 za mto kutoka Kinshasa ulitegemea maamuzi ya makao makuu. Anayetua leo katika uwanja wa ndege wa Bangboka anaupima umbali huo kwa urahisi zaidi kuliko abiria wa meli.

Wakati huohuo mvutano kati ya Mobutu na Kadinali Malula ulizidi, na mwaka 1972 majina ya Kikristo yakapigwa marufuku. Mwaka 1974 uamuzi ulitolewa wa kuviondoa vitivo vya teolojia katika chuo cha taifa. Mwanateolojia akabaki kuongoza chuo kisicho na teolojia.

Je, kubaki kwake kulikuwa kuridhia au kulinda? Tunaona kuwa jibu halimo katika tabia ya mtu peke yake. Mkuu aliyeteuliwa na dola hakuwa na baraza la wanachuo la kumtegemeza; angeweza kusihi, si kukataa. Mwaka 1981 chuo cha taifa kilivunjwa, na Kisangani ikapata chuo kikuu chake. Tshibangu, aliyekuwa Askofu wa Mbujimayi kuanzia 1991 hadi 2009, alifariki mwaka 2021. Swali la nani anamchagua mkuu, na kwa hiyo anawajibika kwa nani, lingali mbele yetu.