Kurudisha Bidhaa na Kurudishiwa Fedha: Historia Fupi katika Biashara ya Vifaa vya Nyuki

Katika kuadhimisha mwaka wa kumi wa Chama chetu Kikuu, Halmashauri imetutaka sisi wa ofisi ya Katibu tuandike habari ya jambo moja ambalo limeleta maneno mengi mikutanoni kuliko jambo lingine lolote la biashara yetu. Nalo ni hili: mtu akinunua kifaa cha nyuki katika soko la intaneti, kisha akaona hakifai, je, aweza kukirudisha na kurudishiwa fedha zake? Wako wasemao kwamba kilichouzwa kimeuzwa. Wako pia wasemao kwamba mnunuzi ana haki wakati wote. Sisi twaona kuwa kabla ya kuchukua upande, yafaa kwanza tutazame walikopita waliotutangulia, maana shauri hili si geni. Lilianza kusumbua watu wa nchi nyingine zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kabla hata intaneti haijafikiriwa.

Wazee wetu hawakuwa na shida hii. Mtu aliyetaka mzinga aliingia msituni, akachagua gogo au gome la mti, akautengeneza kwa mikono yake, akautundika. Ukipasuka, hakuwa na wa kumlaumu. Na alipokwenda mnadani kununua shoka au kamba, alikishika kitu, akakipima kwa mkono, akapatana bei na mtu anayemjua. Kanuni ya soko la namna hiyo ilikuwa mwenye macho haambiwi tazama. Hata Uingereza mahakama zilishika kwa muda mrefu kanuni iyo hiyo, kwamba mnunuzi ajihadhari mwenyewe.

Kanuni hiyo ilitikiswa na mambo mawili, nayo yote mawili yahusu nyuki. La kwanza ni mzinga wenyewe. Mwaka 1851, kasisi mmoja wa Marekani aitwaye Lorenzo Langstroth alitambua kwamba nyuki huacha wazi nafasi ndogo ya kupita, yenye upana wa milimita 6 hadi 9 hivi. Nafasi ikipungua, huiziba kwa gundi yao. Ikizidi, hujenga sega juu yake. Kwa maarifa hayo alitengeneza mzinga wenye fremu zinazoweza kutolewa na kurudishwa bila kuvunja masega. Mwaka 1857 Johannes Mehring wa Ujerumani akatengeneza karatasi za nta zenye alama za vyumba vya sega, na mwaka 1865 Franz von Hruschka akaonyesha mashine ya kukamulia asali kwa kuzungusha. Tangu hapo ufugaji wa nyuki ukawa kazi ya vipimo. Fremu yaweza kuwa ya mbao nzuri, imepigwa randa na kung’aa, na ikawa haifai kitu kwa kosa la milimita tatu tu. Macho hayatoshi tena kumlinda mnunuzi.

La pili ni umbali. Amos Root, sonara wa mji wa Medina katika jimbo la Ohio, alianza biashara ya vifaa vya nyuki mwaka 1869, na mwaka 1873 akaanzisha jarida la wafugaji. Wateja wake walikuwa wametawanyika mbali, wakiagiza kwa barua na kupokea mizigo yao kwa reli. Mnunuzi wa namna hii hulipia kitu asichokiona, kutoka kwa mtu asiyemjua. Kwa Kiswahili chetu twasema ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Basi ni nani atakayethubutu kununua mbuzi huyo?

Jibu lilipatikana katika biashara ya wakulima. Mwaka 1872 Aaron Montgomery Ward wa Chicago alitoa karatasi moja ya bei za bidhaa, akiwalenga hasa wanachama wa Grange, yaani umoja wa wakulima wa Marekani ulioanzishwa mwaka 1867. Wakulima hao walikuwa wamechoshwa na bei za wenye maduka ya vijijini, lakini walikuwa na haki ya kumwogopa mtu wa mjini wasiyemjua. Mwaka 1875 Ward aliweka ahadi ya kwamba asiyeridhika atarudishiwa fedha zake. Wafanyabiashara wengine walimwona mpumbavu, lakini biashara yake ilistawi, na wengine wakalazimika kumfuata. Twaomba wanachama walifikiri jambo hili vema. Ahadi ile haikuwa sadaka. Ward alijua kwamba mtu asiyeweza kuona bidhaa hawezi kuinunua pasipo njia ya kurudi, na kwamba gharama ya kuwarudishia wachache ni ndogo kuliko hasara ya kuwakosa wengi.

Sheria nayo ilifuata. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Uingereza ya mwaka 1893, ambayo ndiyo mfano wa sheria yetu ya Tanganyika ya mwaka 1931, iliandika kwamba bidhaa iliyouzwa kwa maelezo sharti ilingane na maelezo hayo, na kwamba mnunuzi ambaye hakuiona hahesabiwi kuwa ameikubali mpaka apate nafasi ya kuikagua. Tena ilisema neno ambalo wengi wetu hatulijui: mnunuzi mwenye haki ya kuikataa bidhaa hafungwi kuirudisha kwa muuzaji, ila kama walipatana hivyo, yatosha kumwarifu kwamba ameikataa. Tutalirudia neno hili, maana ndilo moyo wa habari yetu.

Katika ushirika jambo hili lina mizizi ya zamani zaidi. Wale waanzilishi wa Rochdale waliofungua duka lao mwezi Desemba mwaka 1844 walifanya hivyo wakitaka chakula kisichochanganywa na uchafu na mizani isiyopunja. Nao waliweka desturi ya kumrudishia kila mwanachama sehemu ya ziada kwa kadiri ya manunuzi yake. Kwa hiyo kurudisha fedha si jambo la aibu katika chama cha ushirika. Ni desturi ya nyumba yetu. Lakini duka la ushirika ni mali ya wanunuzi wenyewe. Fedha ikirudishwa kwa haki, imerudi kwa mwenyewe. Ikirudishwa kwa hila, imetoka mfukoni mwa jirani.

Soko la intaneti limeyarudisha mambo ya Ward kwa mwendo wa kasi. Kampuni ya Alibaba ya China ilipoanzisha soko la Taobao mwaka 2003, wanunuzi na wauzaji hawakuaminiana. Mwaka uo huo ikaanzishwa Alipay, ambayo huishika fedha ya mnunuzi kama amana, isimfikie muuzaji mpaka mzigo upokelewe. Tangu mwezi Machi mwaka 2014 sheria ya China humpa mnunuzi wa mtandaoni siku 7 za kurudisha bidhaa nyingi bila kutoa sababu. Ulaya, kwa agizo la mwaka 2011, hutoa siku 14. Muuzaji hurudisha bei pamoja na gharama ya kawaida ya kupeleka, na mnunuzi kwa kawaida hulipia uchukuzi wa kurudisha. Bidhaa zinazoharibika upesi na zile zilizotengenezwa kwa vipimo vya mnunuzi hazimo katika haki hiyo.

Kwetu malipo yaliitangulia amana. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na mkulima akaweza kulipa kutoka kijijini kwa dakika moja. Hiyo ni neema kubwa. Lakini fedha ikishamfikia muuzaji, kurudi kwake hutegemea hiari ya mpokeaji au kanuni iliyowekwa mapema. Hilo tulijifunza kwa uchungu.

Katika mwaka wa nne wa Chama chetu, tuliagiza fremu na karatasi za nta kutoka kwa muuzaji mmoja katika soko la intaneti, kwa fedha zilizochangwa na vyama vya msingi vitatu. Tangazo lilisema vifaa hivyo vyafaa kwa nyuki wa aina zote. Mizigo ilifika mizuri, tukaigawa siku ile ile kwa shangwe. Baada ya majuma kadhaa wanachama wakaanza kuleta taarifa kwamba nyuki wanajenga masega kwa kukatisha, yakishikana fremu kwa fremu. Ndipo tulipochukua rula. Nyuki wetu ni wadogo kidogo kuliko wa Ulaya. Hupenda masega yaliyoachana milimita 32 hivi kutoka kati hadi kati, na vyumba vyao vina upana wa karibu milimita 4.8. Vifaa tulivyopewa vilikuwa vya milimita 35, na vyumba vya karibu 5.4.

Tulimwandikia muuzaji. Alitujibu kwa adabu kwamba kanuni yake ni siku 7, vifaa viwe havijafunguliwa, na uchukuzi juu yetu. Kanuni ilikuwapo katika tangazo, sisi hatukuisoma. Wanachama walikasirika, na baadhi walitudhania kwamba tumekula fedha. Hatukuwa na picha za mizigo ilipofika, wala daftari la kuonyesha nani alipokea nini siku gani. Mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tuliyafahamu maneno hayo siku ile. Halmashauri iliamua kuwarudishia wanachama nusu ya fedha kutoka katika akiba ya Chama, na miaka miwili ikapita kabla ya vyama vile vitatu kutuamini tena katika agizo lolote.

Hata hivyo, haki yatutaka tuseme na upande wa muuzaji. Kama angekubali kupokea fremu zilizokwisha kutumika, angefanya kosa kubwa zaidi. Kuna ugonjwa wa kuoza kwa majana ya nyuki, uletwao na kijidudu kiitwacho Paenibacillus larvae, ambao mbegu zake hukaa hai katika mbao na nta kwa miaka zaidi ya 35. Mwaka 2009 ugonjwa huo ulionekana Afrika ya Kusini, katika jimbo la Rasi ya Magharibi, na dawa yake ya hakika kwa vifaa vya mbao vilivyoambukizwa ni moto. Fremu iliyotumika ikirudishwa ghalani, kisha ikauzwa kwa mwingine, yaweza kubeba mauti ya makundi ya wilaya nzima.

Hapa ndipo penye fundo. Kasoro ya kifaa cha nyuki mara nyingi haionekani mpaka kitumike; na kikishatumika, hakifai kurudi. Mwenye kushika neno moja tu, la kurudisha au la kukataa, atadhulumu upande mmoja. Njia ya kulifungua fundo hili imo katika sheria ile ya mwaka 1893: kurudi kwa fedha na kurudi kwa bidhaa ni mambo mawili, wala si lazima yafuatane. Fedha yaweza kurudi, na fremu ikachomwa moto pale pale ilipo, mbele ya mashahidi, na picha ikapelekwa kwa muuzaji.

Twaandika haya kwa sababu siku hizi sisi wenyewe tu wauzaji. Tangu mwaka jana Chama chauza mizinga na mabomba ya kufukizia moshi kwa njia ya intaneti. Mteja mmoja wa mbali alituletea lalamiko kwamba ngozi ya bomba lake ilikuwa imechanika tangu lilipofika. Katika Halmashauri walikuwapo waliotaka tumjibu kama tulivyojibiwa sisi. Mzee mmoja mrina asali, mwanachama tangu siku ya kwanza, alisimama akatukumbusha zile fremu. Mteja alirudishiwa fedha zake zote, naye tangu hapo ameagiza mizinga mara mbili.

Kwa hiyo, mbele ya Mkutano Mkuu wa mwaka huu, Halmashauri italeta kanuni hizi za kufikiriwa. Kifaa ambacho hakijatumika kipokewe katika siku 14 tangu kufika, na fedha irudi. Kifaa kisicholingana na maelezo yetu, hata kikiwa kimetumika, fedha irudi na uchukuzi uwe juu yetu. Lakini chochote kilichoguswa na nyuki kisirudi ghalani kamwe. Kila mzigo tununuao upimwe kwa rula na kupigwa picha kabla ya kugawanywa, na tarehe iandikwe daftarini. Tena vipimo vyote viandikwe wazi katika matangazo yetu, ili mnunuzi ajue mbuzi aliyemo guniani kabla hajalipa.

Wanachama wenzetu, miaka kumi iliyopita tulianza na ghala la kukodi na mizani moja. Leo watu tusiowajua wanatuletea fedha zao kwa simu, wakituamini kwa maneno tuliyoyaandika tu. Imani hiyo ndiyo mali kubwa ya Chama, nayo haina ghala la kuihifadhi ila mwenendo wetu. Twawaomba nyote mhudhurie Mkutano, mzisome kanuni hizi, mzipinge au mziunge mkono kwa hoja, kisha tuzishike kwa umoja.