'Shy', 'timid' au 'reserved'? Mipaka ya haya katika Kiingereza

MWALIMU aandikapo katika ripoti ya mwanafunzi kwamba ni 'timid', mzazi aweza kudhani mwanawe amesifiwa kwa upole. La hasha! Neno hilo, ambalo asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuogopa, humtaja mtu mwoga.

Kiini cha utata huu ni kwamba neno 'haya', lililotoka katika Kiarabu, hubeba maana mbili katika Kiswahili: kuona soni mbele za watu, na staha ya mtu aliyelelewa vyema. Kiingereza huzitenganisha.

'Shy' ndilo neno la kawaida. Humweleza anayeona haya kuzungumza na wageni, pasi na kumsifu wala kumlaumu. Hapo kale lilihusishwa na wepesi wa kushtuka, na hadi leo farasi anayeruka kando kwa hofu huelezwa kwa kitenzi hicho. Ndiposa methali 'once bitten, twice shy' haihusu haya bali tahadhari. Kwa Kiswahili husemwa mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

'Bashful' hukaribiana na 'shy', ila aghalabu hutajwa kwa mtoto au kijana anayeinamisha macho akisifiwa. 'Diffident' ni asiyeuamini uwezo wake, ilhali 'reserved' ni mwenye kuzuia hisia na maneno yake, wala si lazima awe mwoga. 'Modest' ni mnyenyekevu asiyejigamba. Nalo 'coy' lahitaji uangalifu: ni haya za madaha, au za mtu anayekwepa swali makusudi.

Kosa la mara kwa mara ni kutafsiri 'naona haya' kuwa 'I am ashamed'. Kauli hiyo ni ya mtu anayejutia jambo baya. Mwanafunzi anayesita kusimama mbele ya darasa ni 'shy'. Aliyeteleza akaanguka wenzake wakimtazama ni 'embarrassed'.

Vivyo hivyo, 'hana haya' ni shutuma nzito katika Kiswahili, ila 'not shy' ni mchangamfu tu. Shutuma hiyo kwa Kiingereza ni 'shameless'.

Tofauti hizi si za mtihani pekee. Katika barua ya kumpendekeza mtu kazini, 'reserved' humwonyesha mtulivu anayejimudu. 'Timid' huweza kumkosesha kazi hiyo.