Harufu ya bahari iliyotoka maabara ya dawa

Ile pafyumu inayonukia upepo wa bahari, basi haikutoka baharini. Mwaka 1966 wanakemia wa kampuni ya dawa ya Pfizer, Marekani, walikuwa wanatafuta dawa ya kutuliza wasiwasi. Wakaangukia kitu kinachonukia pwani, chaza mbichi na tikiti maji kwa mpigo. Kikaitwa Calone. Umbo lake linakaribiana na kemikali ambazo mwani wa kahawia hutoa wakati wa kuzaliana, ndiyo maana pua inadanganyika.

Ni kikali mno, tone likizidi kidogo linafunika kila kitu. Ikapita zaidi ya miaka 20 mpaka New West ya Aramis ikakimwaga bila woga, mwaka 1988. Ikafuata L'Eau d'Issey 1992, mbunifu wa Kijapani akitaka harufu ya maji matupu, halafu Acqua di Giò 1996. Cool Water nayo ni ya 1988, ila ubaridi wake unatokana zaidi na mnanaa, lavenda na kemikali nyingine kabisa.

Na wale wanakemia? Majina yao hayapo kwenye chupa hata moja.