Usimwambie Mtoto Kwamba Baba Amesafiri



Wiki chache nyuma alikuja dukani kwetu bibi harusi mmoja, mwenyeji wa Pemba, kupimwa gauni la nikaha. Tukiwa tunampima mabega, mmoja wetu akamuuliza, kwa mazungumzo tu, kama baba yake ndiye atakayemuozesha. Akanyamaza kidogo, kisha akajibu, "Ataniozesha ami. Baba alikuwemo kwenye Spice Islander."

Tukaweka futi chini. Nani kisiwani asiyeijua meli ile? Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, ilikuwa inatoka Unguja kwenda Pemba, imejaza watu na mizigo kupita kiasi, ikazama mkondo wa Nungwi. Maiti zaidi ya 200 zilipatikana. Wengine wengi hawakuonekana tena, na watu wao hawana kaburi la kwenda kulizuru. Hata mwaka haukutimia, Julai 2012 ikazama Skagit, karibu na kisiwa cha Chumbe.

Bibi harusi wetu alikuwa na miaka mitano. Nyumbani waliambizana kwamba mtoto asiambiwe, kwa hiyo akaambiwa baba amesafiri. Kwao ni karibu na bandari ya Mkoani. Kila aliposikia honi ya boti alikimbilia mlangoni. Alikwenda hivyo karibu miaka miwili, mpaka mtoto mwenziwe chuoni alipomwambia ukweli wakati wa ugomvi wa kugombania mkeka. "Niliikasirikia bahari," alituambia, "lakini mama nilimkasirikia zaidi." Ametupa ruhusa kulieleza hili, bila jina lake.

Hatumlaumu mama yule. Alikuwa kwenye eda, hana maiti ya kuosha wala kaburi la kuonyesha, na wakubwa wote walimwambia mtoto mdogo hafahamu. Wengi wetu tumelelewa hivyo. Msiba ukiingia, watoto hupelekwa nyumba ya jirani, na wakirudi huambiwa wasiulize.

Lakini tukajiuliza: hii ni dini au ni mazoea yetu tu? Tukarudi kwenye sira, tukawakuta watoto wa Jaafar bin Abi Talib.

Jaafar alikuwa mtoto wa ami yake Mtume (s.a.w.). Yeye na mkewe, Asmaa bint Umays, walikuwa katika Waislamu waliohamia Habasha kukimbia mateso ya Makka, na huko walizaa watoto watatu wa kiume: Abdullah, Muhammad na Awn. Walirudi Madina mwaka wa 7 Hijria. Mwaka uliofuata, yaani 629 Miladia, Jaafar aliuawa kwenye vita vya Muuta, katika nchi ambayo leo ni Jordan. Safari moja, baba hakurudi. Yule mama alikuwa na hali ile ile ya mama wa Pemba: mumewe kafia mbali, kazikwa mbali.

Siku ile, Asmaa alikuwa na shughuli zake kama sisi sote. Amekanda unga, amewaogesha watoto, amewapaka mafuta. Mtume akaingia, akaomba aletewe watoto wa Jaafar. Akawakumbatia, akawanusa, machozi yakamtoka. Asmaa akaelewa kwamba kuna jambo, akauliza, naye akamwambia wazi kwamba Jaafar ameuawa. Asmaa akapiga ukelele na wanawake wakakusanyika.

Tazameni watoto walikuwa wapi. Hawakutolewa nje kwanza. Hawakufichwa machozi. Mtu mkubwa kuliko wote Madina alilia huku amewashika.

Kisha akawaambia watu wa nyumbani kwake wawapikie watu wa Jaafar, kwa sababu wamefikwa na la kuwashughulisha. Sufuria za wali ambazo majirani zetu huzipeleka nyumba ya msiba zina asili hiyo. Kwa bahati mbaya siku hizi mara nyingi tunaigeuza, mfiwa ndiye anayepikia watu mia.

Siku tatu zikapita. Mtume akarudi, akasema kilio kwa ndugu yake kimetosha, akaagiza aletewe watoto tena. Waliletwa wamekaa kama vifaranga. Hakuwatolea hotuba. Alimwita kinyozi, wakanyolewa. Aliye na watoto anafahamu maana yake: siku tatu za kilio nyumbani, hakuna aliyewashughulikia kichwa wala nguo. Akawarudisha kwenye usafi na kwenye siku za kawaida.

Halafu akawazungumza mmoja mmoja. Huyu Muhammad, alisema, amefanana na ami yetu Abu Talib. Na Abdullah amefanana na mimi, kwa umbo na kwa tabia. Akamshika Abdullah mkono, akawaombea watu wa Jaafar, akamwombea Abdullah baraka katika biashara yake. Mama yao alipotaja uyatima wa wanawe, Mtume alimuuliza vipi aogope ufukara juu yao, na hali yeye ndiye walii wao duniani na Akhera.

Na haya tunayajua kwa nini? Tunayajua kwa sababu Abdullah mwenyewe, yule mtoto aliyenyolewa, aliyasimulia alipokuwa mtu mzima. Aliishi Madina, akawa tajiri mwenye sifa ya ukarimu, akamuoa Zaynab binti wa Ali. Mama yake aliolewa na Abu Bakr, na baada yake na Ali, kwa hiyo alilelewa pia na baba wa kambo. Miaka yote hiyo, alikumbuka nani alimshika mkono na alisema nini.

Wanaosema mtoto hafahamu wakumbuke hilo. Abdullah alikumbuka kushikwa mkono. Bibi harusi wetu alikumbuka honi ya boti.

Basi dada zetu, na nyinyi mnaoolewa sasa ambao kesho mtakuwa mama, siku ikifika, na sote inatufikia, tusiseme "amesafiri". Sisi ni watu wa kisiwa, kwetu kila anayesafiri hutarajiwa kurudi. Tusiseme "amelala" pia, mtoto ataogopa kulala. Tumkalishe mapajani, tumwambie kwa maneno mafupi: baba amekufa, mwili wake hauumwi tena, hatarudi hapa, tunamwombea dua, na sisi tupo. Aliyepotea baharini aambiwe hivyo hivyo, kwamba hatukumpata lakini amekufa, na Mwenyezi Mungu anajua alipo. Akiuliza tena kesho na keshokutwa, tumjibu tena. Mtoto hurudia kuuliza ndipo aelewe. Na baada ya siku ya tatu, wageni wakishaondoka, mtu mmoja wa ukoo amwite kwa jina, ampeleke kinyozi au akamshonee nguo, amwambie amefanana na baba yake kwa lipi.

Gauni lile tulilimaliza Jumatano. Alipokuja kulichukua alifuatana na ami yake. Mzee alisimama mlangoni hataki kuingia, akamtazama anavyolijaribu, akasema, "Umesimama kama marehemu."

Bibi harusi akageuka. "Kweli ami? Kwa vipi?"

Mzee akaingia, akavuta kiti, akaanza kumweleza. Tukazima vyerahani.