Ufukwe wa Ziwa Babati

Ufukwe wa Ziwa Babati ni ukingo wa ziwa la maji baridi lililo kando ya mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, Tanzania. Kivutio kikuu ni viboko. Wageni huwatazama kutoka kwenye mitumbwi ya wenyeji; mchana huonekana macho, masikio na pua tu juu ya maji, na usiku wanyama hao hupanda nchi kavu kula majani, kwa hiyo kutembea ukingoni gizani ni hatari kweli. Wavuvi hupata perege na kambare. Mwaka 1990 ziwa lilifurika hadi mjini. Mlima Kwaraa huonekana kutoka ufukweni.