Si Wimbi, ni Mwandamo wa Fukuto

Mwezi wa Februari, siku ya soko hapa Nunguni, redio ya muuza viazi ilitangaza kwamba "wimbi la joto" limeingia nyanda za chini za Makueni na Kitui, na bibi mmoja aliyekuwa akipanga mafungu ya parachichi juu ya gunia akanigeukia, akauliza kwa dhati: "Mwalimu, wimbi hilo likitoka Kibwezi litapanda huku mlimani, ama litapita tu?" Binti yake ameolewa huko. Nilikosa jawabu, kwa kuwa swali lilikuwa sahihi; kosa lilikuwa la neno.

Wimbi, kwa watu waliokaa na bahari tangu zama za mababu, huinuka, huvunjika, hurudi. Lina mgongo na lina ukomo, na mvuvi hulipisha chini ya ngalawa kabla ya kushusha pumzi. Hali tunayoinena hukaa. Hewa ya juu hushuka, na kadiri inavyoshuka hubanwa, na kadiri inavyobanwa hupata moto, takriban nyuzi 10 kwa kila mita 1,000. Mawingu hayapati kujengeka, upepo hufa, na palipo na bahari ya uvuguvugu mvuke hutanda juu ya watu hata jasho lisikauke mwilini. Wenyeji wa Mombasa huyajua haya kila Machi, wakati wa tangambili, kaskazi imekwisha nguvu na kusi haijaamka. Sioni wimbi hapo.

Watetezi wa istilahi hiyo hunena kwamba Waarabu nao wana "mauja" ya hari, yaani mawimbi. Naam, lakini Wafaransa husema "canicule", kwa jina la nyota ya Mbwa ichomozayo pamoja na jua la kiangazi chao, wala hawakuona haya kuita jambo kwa jina walilolizoea nyumbani mwao. Kwa nini sisi tukaazime, ilhali ghala letu limejaa?

Tunalo fukuto. Neno hili latokana na kufukuta, ambako ni kuungua kwa ndani pasipo mwali, kama rundo la mkaa lililofunikwa udongo. Na pacha wake ni kuvukuta, kazi ya mhunzi anapokandamiza mivukuto, hewa ikabanwa ndani ya ngozi na kusukumwa motoni. Tazama, ewe msomaji, jinsi wahenga walivyokusanya katika mzizi mmoja joto lililofunikwa, hewa iliyobanwa, na jasho, kwani fukuto ni jasho pia! Hari ni neno tukufu, nami nalipenda, lakini hari yaweza kuwa kavu, na joto ni la chungu jikoni kama ni la anga.

Juu yake naweka mwandamo, kutoka kuandama: siku kuifuata siku, usiku usilete nafuu. Huko Quriyat, pwani ya Oman, nchi yenye wasemaji wengi wa Kiswahili, tarehe 26 Juni 2018 kipimajoto hakikushuka chini ya nyuzi 42.6 mchana wala usiku. Huo ndio mwandamo, na ndio unaoua, kwa sababu mwili haupewi saa ya kupumzika.

Niliipeleka rai hii kwa kamati moja, kurasa sita zilizopigwa chapa vizuri, nikajibiwa kwa mistari miwili kwamba mwandamo ni wa mwezi. Nakiri kwamba jibu hilo lilinichoma, na bado linanichoma. Je, mwezi hauandami kwa kuwa wafuata mwezi mwingine? Waheshimiwa wale wangeuliza maana ya kitenzi kabla ya kulikataa jina, wasingenijibu hivyo. Na bingwa mmoja aliyependekeza "mfululizo wa joto kali" alisahau unyevu, ambao ndio nusu ya maradhi.

Matumizi ni mepesi: "mwandamo wa fukuto, siku ya nne," na msikilizaji ajue zimepita ngapi.

Soko lililofuata nilimweleza yule bibi hivyo. Akanyamaza kidogo, akatoa simu kifuani, akampigia binti yake wa Kibwezi: asingoje lipite, awahamishe watoto walale barazani, na maji ya mbuzi ayaweke kivulini tangu alfajiri.