Majina Mawili ya Simu: Historia Fupi ya Utambulisho wa Chombo na Mteja

1. Utangulizi

Mnamo Septemba 2020, watumiaji wa simu za mkononi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo walianza kutozwa ada mpya. Ilikatwa moja kwa moja katika salio la mazungumzo, nayo ilijulikana kwa ufupisho wa Kifaransa RAM, yaani daftari la vyombo vya mkononi. Kwa simu za kizazi cha tatu na vilivyofuata, ada hiyo ilifikia dola 7 za Kimarekani kwa mwaka. Malalamiko yalienea mijini na hata bungeni, na mwaka 2022 ada ikafutwa. Mabishano hayo yaliwafunulia wengi jambo ambalo hawakuwa wamelifikiri: kilichotozwa hakikuwa namba ya simu, bali chombo chenyewe. Kumbe chombo kina jina lake, tofauti na namba ambayo mtu huwapa jamaa zake. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi majina hayo yalivyopatikana, sababu za kutenganishwa kwake, na hatari ya kuyachanganya.

2. Chombo na mteja chini ya jina moja

Mitandao ya kwanza ya simu za mkononi, kama ule uliofunguliwa Chicago mwaka 1983, haikutofautisha sana mtu na chombo chake. Kila simu ilibeba namba mbili: moja iliyotiwa na kiwanda, nyingine, yenye tarakimu 10, iliyoandikwa ndani na muuzaji kwa niaba ya kampuni. Mteja alipotaka kuzungumza, simu ilizitangaza zote mbili hewani bila kinga yoyote. Mtandao ulizilinganisha na daftari lake, na zikikubaliana, njia ilifunguliwa.

Udhaifu wa utaratibu huo haukukawia kuonekana. Aliyekuwa na kipokezi cha kufaa aliweza kuzinasa namba hizo mbili na kuziandika katika simu nyingine. Tangu hapo simu mbili zilijibu kwa jina moja, na mwenye jina ndiye aliyeletewa deni. Katika miaka ya 1990 wizi huo uliyagharimu makampuni ya Marekani mamia ya mamilioni ya dola kwa mwaka.

Zaire ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizotangulia kuzipokea simu za aina hii. Kampuni ya Telecel, iliyoanzishwa mwaka 1986 na mhandisi Miko Rwayitare, ilianza kazi Kinshasa, ambako simu za mezani zilikuwa haba na mara nyingi hazikufanya kazi. Simu ya mkononi ilikuwa nzito kama tofali na bei yake ilihesabiwa kwa maelfu ya dola. Wateja wake walikuwa wakubwa wa serikali na wafanyabiashara matajiri. Katika mtandao wa namna hiyo mtu alijulikana kwa chombo chake. Aliyetaka kubadili chombo hakuwa na budi kurudi kwa kampuni ili namba yake iandikwe upya.

3. Kadi yamtenga mteja na chombo

Mabadiliko yalitoka Ulaya. Mwaka 1982 idara za posta na simu za nchi za bara hilo ziliunda kikundi cha kutayarisha mtandao mmoja utakaomwezesha mteja kuvuka mipaka na kuendelea kuzungumza. Kazi yake ilizaa mfumo wa GSM, na simu ya kwanza katika mtandao wa biashara wa mfumo huo ilipigwa Finland tarehe 1 Julai 1991. Ndani ya mfumo huo mteja aliondolewa katika chombo na kuwekwa katika kadi ndogo, SIM, inayoweza kuhamishwa kutoka simu moja hadi nyingine.

Kadi hiyo hubeba jina la kwanza, ambalo wahandisi huliita IMSI. Ni namba isiyozidi tarakimu 15. Tatu za mwanzo hutaja nchi: 630 ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, 639 ni Kenya, 640 ni Tanzania. Mbili au tatu zinazofuata hutaja kampuni, na zilizosalia humtaja mteja. Ifahamike kwamba IMSI siyo namba ya simu. Namba ya simu huunganishwa nayo katika daftari kuu la kampuni. Ndiyo maana aliyepoteza kadi hupewa nyingine yenye IMSI mpya, na jamaa zake wakaendelea kumpata kwa namba ileile.

Zaidi ya jina, kadi hubeba ufunguo wa siri ambao hautangazwi kamwe. Mtandao huipelekea kadi namba ya bahati nasibu. Kadi huikokotoa kwa ufunguo wake na kurudisha jibu. Kwa kuwa swali hubadilika kila mara, anayedukiza hewani hafaidiki na jibu la jana. Aidha, mteja akishatambuliwa, mtandao humpa lakabu ya muda ili jina lake la kudumu lisitajwetajwe hewani.

Matumizi ya lugha yanastahili kuangaliwa hapa. Nchini Kenya na Tanzania kadi hii huitwa laini. Nchini Kongo wengi hutumia neno la Kifaransa puce, ambalo maana yake ya asili ni kiroboto. Jina moja limetokana na njia ya mazungumzo, jingine na udogo wa kitu. Hakuna lililotokana na utambulisho. Anayesema amepoteza laini humaanisha kadi, namba na mawasiliano kwa pamoja. Mzungumzaji huunganisha kile ambacho mtandao hukitenga.

4. Jina la chombo

Jina la pili ni la chombo, nalo huitwa IMEI. Lina tarakimu 15: nane hutaja aina ya simu, sita ni za mfululizo wa kiwanda, na ya mwisho ni ya kuhakikisha kwamba hapakuwa na kosa la kuandika. Mwenye simu akibonyeza *#06# huliona. Simu yenye nafasi mbili za kadi ina majina mawili ya aina hiyo. Lengo la IMEI lilikuwa kuwezesha simu zilizoibwa kuorodheshwa na kuzuiwa, hata zikitiwa kadi nyingine.

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo. Kadi huthibitisha jina lake kwa siri. Chombo hulitaja tu, na katika simu kadhaa mafundi wameweza kuliandika upya. Tena jina la chombo halimwelekezi mtu: simu hununuliwa ikiwa imetumika, hurithiwa, huazimwa. Kumtoza mtu ada kwa jina hilo ni kuchukulia kwamba chombo na mwenyewe ni kitu kimoja, kama ilivyokuwa katika mitandao ya kwanza.

Kadi nayo haikukosa kasoro. Katika GSM mtandao huihoji kadi, lakini kadi haiuhoji mtandao. Kwa hiyo mnara wa uongo unaweza kuidai IMSI na kuipata. Kizazi cha tatu kiliruhusu pande zote mbili kuhojiana. Kanuni za kizazi cha tano, zilizotolewa mwaka 2018, zinawezesha jina la kudumu kufichwa kabla halijatoka katika simu.

5. Hitimisho

Mtandao unajua kadi na unajua chombo, mtu haumjui. Mtu huletwa na sheria ya usajili, inayodai kadi iandikwe kwa hati ya utambulisho. Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu pesa ziingie katika simu, Kenya mwaka 2007 kwa M-Pesa, na Kongo mwaka 2012. Anayemshawishi wakala ampe kadi mpya ya namba isiyo yake huupata mkoba wa mwenziwe bila kuigusa simu yake. Nchini Kongo, ambako kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura ndiyo iliyotumika mahali pa kitambulisho cha taifa, fundo linalounganisha mtu na namba yake halikufungwa na wahandisi. Limefungwa kwa karatasi, na uimara wake ni uimara wa karatasi hiyo.